Kasoro Imerekebishwa: Katika Toleo Lipi?

Mwalimu wa hisabati anayefundisha kwa kitabu kilichokwisha kupigwa chapa mara kadhaa anaifahamu taabu hii. Jibu la zoezi fulani katika chapa ya kwanza lilikuwa na kosa. Mchapishaji akaarifiwa, naye akalisahihisha katika chapa ya tatu. Darasani mwanafunzi mmoja ana chapa ya kwanza aliyoachiwa na kaka yake, mwingine ana ya pili, na mwingine amenunua ya tatu. Mwalimu akiulizwa, "Je, kosa lile limesahihishwa?", hawezi kujibu ndiyo wala hapana mpaka kwanza autazame ukurasa wa mwanzo wa kitabu alichoshika muulizaji. Kosa ni moja na sahihisho ni moja, lakini jibu hubadilika kutoka dawati moja hadi jingine.

Waundaji wa programu za kompyuta wanaishi na taabu hiyo hiyo, ila kwa kipimo kikubwa zaidi. Programu ni mfuatano wa maagizo yaliyoandikwa na binadamu, na kama maandishi yote ya binadamu haikosi makosa. Wahandisi wa Marekani huyaita makosa hayo "wadudu", na jina hilo ni la zamani kuliko kompyuta zenyewe, kwani Thomas Edison alilitumia katika barua ya mwaka 1878 alipokuwa akilalamikia vifaa vyake vya umeme. Katika makala haya tutayaita kasoro. Kabla programu haijatolewa kwa umma, aghalabu huandaliwa kwanza toleo tarajiwa, yaani toleo ambalo waundaji wanaamini kuwa linafaa kuwa la mwisho iwapo wajaribuji hawatagundua ndani yake kasoro mpya iliyo nzito. Msimamizi wa kazi hiyo huwa na orodha ya kasoro mbele yake, nyingine zikiwa na maneno "imerekebishwa" pembeni. Neno hilo peke yake halimsaidii. Anachotaka kujua ni kama sahihisho limo katika toleo hili analokusudia kulitoa, na wala si katika jingine lolote.

Mstari mmoja

Kuna programu chache ambazo swali hilo ni jepesi kwazo. Mojawapo ni TeX, programu ya kupanga maandishi ya vitabu, hasa vya hisabati, iliyoandikwa na Profesa Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford. Tangu toleo la 3, kila mara anaposahihisha kasoro zilizogunduliwa, Knuth huongeza tarakimu moja tu katika namba ya toleo: 3.1, kisha 3.14, kisha 3.141, na kuendelea. Msomaji ametambua mara moja kwamba namba hizo zinaikaribia pai. Mwaka 2021 programu hiyo ilifikia 3.141592653. Kwa miaka mingi pia Knuth alikuwa akimpelekea kila mgunduzi wa kosa katika vitabu vyake hundi ya dola 2.56, yaani senti 256, kiasi ambacho wanafunzi wa hisabati watakitambua kuwa ni 2 kwa kipeo cha 8.

Historia ya TeX ni mstari mmoja ulionyooka. Kila toleo limezaliwa na lile lililolitangulia, na hakuna toleo lenye watoto wawili. Kwa hiyo kasoro ikiwa imesahihishwa katika toleo fulani, matoleo yote ya baadaye yamepona na yote ya kabla yake bado yanaugua. Kulinganisha namba mbili kunatosha kutoa jibu.

Hapa inafaa kutoa tahadhari ndogo. Namba za TeX ni desimali za kweli, lakini za programu nyingi sivyo zilivyo. Katika namba kama 6.1.64 nukta ni kitenganishi tu. Toleo la 6.1.10 huja baada ya 6.1.9, wala halilingani na 6.1.1. Wanafunzi wengi hukosea hapo.

Mti wenye matawi

Programu nyingi haziwezi kukua kwa mstari mmoja, kwa sababu watumiaji wake hawaendi kwa mwendo mmoja. Mfano ulio wazi ni Debian, mfumo wa uendeshaji wa kompyuta ulioanzishwa na Ian Murdock mwezi Agosti mwaka 1993 na unaotunzwa na watu wanaojitolea katika nchi nyingi. Debian si programu moja bali ni ghala la vifurushi vya programu. Toleo lake la 12, lililotolewa tarehe 10 Juni 2023, lilikuwa na vifurushi 64,419. Ghala hilo lina sehemu tatu kuu. Ya kwanza huitwa "thabiti", nayo ndiyo inayotumiwa na wale wasiotaka mashaka. Ya pili huitwa "ya majaribio", na humo ndimo toleo lijalo linamotayarishwa. Ya tatu huitwa "isiyotulia", ambamo kila badiliko jipya huingia kwanza. Kifurushi kimoja huwamo katika sehemu zote tatu kwa wakati mmoja, kila mahali kikiwa na toleo lake.

Sasa tuseme kifurushi fulani kina toleo la 1.0 katika sehemu thabiti. Waundaji wanaendelea na kazi, na kutokana na 1.0 wanapata 1.1, kisha 1.2. Wakati huo huo inagunduliwa kasoro iliyokuwamo tangu 1.0. Wanaisahihisha katika 1.2. Lakini wenye toleo thabiti hawataki kupelekewa 1.2, ambayo ina mambo mengine mengi yaliyobadilika, wanataka 1.0 ile ile, ila iwe imetolewa kasoro. Basi kutokana na 1.0 hutengenezwa 1.0.1, yenye sahihisho hilo peke yake. Historia imekwisha kuwa mti: 1.0 ni shina, nalo lina matawi mawili, moja likiwa na 1.0.1 na la pili likiwa na 1.1 na 1.2.

Msomaji na ajiulize: je, toleo la 1.1 lina kasoro? Mwenye kutazama namba atasema kwamba 1.0.1 imerekebishwa, na kwa kuwa 1.1 ni kubwa kuliko 1.0.1, basi nayo imerekebishwa. Atakuwa amekosea. 1.1 haikuzaliwa na 1.0.1 bali na 1.0, na kasoro ya mzazi imo ndani ya mtoto. Mpangilio wa namba na mpangilio wa uzazi ni vitu viwili tofauti, na mara tu historia inapochanua matawi ni huo wa pili unaotoa jibu la kweli.

Alama mbili na kanuni moja

Kwa muda mrefu daftari la kasoro la Debian lilijua hali mbili tu za kasoro, iliyo wazi na iliyofungwa. Mwaka 2005 lilifanywa badiliko ambalo kwa maelezo ni dogo lakini kwa matokeo ni kubwa. Tangu wakati huo kila kasoro, pamoja na namba yake, huwekewa alama za aina mbili: matoleo ambamo ilipatikana, na matoleo ambamo ilirekebishwa. Alama hizo hubandikwa juu ya mti wa matoleo. Mti wenyewe haumlazimu mtu kuuchora, kwa kuwa kila kifurushi hubeba ndani yake kumbukumbu ya mabadiliko, inayotaja matoleo yote yaliyokitangulia kwa utaratibu, nayo kompyuta huisoma kumbukumbu hiyo na kutambua nani ni mzazi wa nani. Hata alama ya kurekebishwa huwekwa kwa njia hiyo hiyo: mtunzaji wa kifurushi huandika katika kumbukumbu kwamba toleo hili linafunga kasoro namba fulani, na kifurushi kikipokewa ghalani, daftari hujaza lenyewe.

Kanuni ya kusoma mti huo ni moja. Anza kwenye toleo unaloulizia, kisha panda kuelekea kwenye shina, mzazi baada ya mzazi. Alama ya kwanza utakayokutana nayo ndiyo jibu. Ikiwa ni "ilipatikana", toleo lako lina kasoro. Ikiwa ni "ilirekebishwa", limepona. Na ukifika mwisho wa safari bila kuona alama yoyote, toleo hilo huhesabiwa kuwa halikupata kuwa nayo. Katika mfano wetu, alama ya "ilipatikana" iko kwenye 1.0, na za "ilirekebishwa" ziko kwenye 1.0.1 na 1.2. Anayeanzia 1.1 hapati alama hapo, hupanda hadi 1.0, naye hujibiwa kwamba kasoro ipo. Mwalimu anaweza kuchora mti wenye matoleo manane au tisa ubaoni na kuwaachia wanafunzi walipe kila toleo hukumu yake. Ni zoezi zuri la mantiki, na halihitaji kompyuta.

Faida ya utaratibu huu huonekana hasa toleo kuu linapokaribia. Kasoro za Debian zina daraja za uzito, na tatu za juu, kama vile kasoro inayoharibu data za mtumiaji au inayowafungulia wezi mlango, huzuia kifurushi kutolewa. Kifurushi hakiruhusiwi kuvuka kutoka sehemu isiyotulia hadi ya majaribio kikiwa kinaleta kasoro nzito ambayo haikuwamo kule kiendako. Sharti hilo lisingeweza hata kuandikwa kama daftari halijui kutofautisha toleo na toleo. Kwa ajili ya Debian 12 milango ilifungwa kwa hatua: tarehe 12 Januari 2023 yalizuiwa mabadiliko yanayogusa vifurushi vingi kwa pamoja, tarehe 12 Februari na 12 Machi masharti yakakazwa, na tarehe 24 Mei ghala likafungwa kabisa, isipokuwa kwa kilichoruhusiwa na wasimamizi mmoja mmoja. Katika miezi hiyo orodha ya kasoro nzito hutazamwa kila siku kama mkulima anavyotazama mawingu, na kifurushi ambacho hakitegemewi na vingine kikikosa wa kukirekebisha, hutolewa nje.

Sahihisho lililofika bila mwenzake

Hata hivyo alama hizo hueleza kasoro iko wapi. Hazielezi sahihisho linahitaji nini ili lifanye kazi. Tofauti hiyo ilijitokeza wazi mwezi Desemba mwaka 2023, katika kiini cha Linux.

Kiini ni sehemu ya mfumo wa uendeshaji inayozitawala diski, kumbukumbu na vifaa vingine. Kile cha Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ndicho kinachotumiwa na Debian. Nacho kina mti wake. Kwenye shina hutolewa matoleo tarajiwa kila juma kwa muda wa miezi miwili hivi, mpaka lifikiwe toleo kamili. Pembeni kuna matawi ya muda mrefu, likiwamo la 6.1 lililoanza Desemba 2022, ambayo hupokea masahihisho tu. Kila badiliko lina namba yake ya utambulisho, na mwandishi wa sahihisho hutakiwa kutaja namba ya badiliko lililoileta kasoro. Kwa njia hiyo mtunzaji wa tawi hujua upesi kama tawi lake linaugua na kama linastahili dawa.

Mwezi Novemba 2023 shina lilipokea sahihisho la ext4, mfumo wa kupanga mafaili unaotumiwa na kompyuta nyingi za Linux. Nia yake ilikuwa njema. Programu inapoandika moja kwa moja diskini na kudai ihakikishiwe kwamba maandishi yamefika, basi ukubwa mpya wa faili nao sharti ufike, ili umeme ukikatika dakika hiyo hiyo pasipotee kitu. Sahihisho likajaribiwa kwenye shina, likafanya kazi, likapelekwa kwenye matawi.

Ili kuelewa kilichotokea, msomaji amfikirie karani anayeandika katika daftari huku ameweka kidole mahali alipoishia. Kila anapomaliza kuandika fungu, hukisogeza kidole mbele. Kiini nacho kina kidole cha namna hiyo kwa kila faili lililofunguliwa. Maandishi yanapokwisha kufika diskini, sehemu ya ext4 hurudisha namba, tuiite r. Sehemu nyingine ya kiini huisoma namba hiyo na kuamua kama kidole kisogezwe. Katika tawi la 6.1 sharti lilikuwa r = 0: namba nyingine yoyote ilichukuliwa kuwa dalili kwamba kuna jambo, na kidole hakikusogezwa. Kwenye shina, tangu matayarisho ya toleo la 6.5 katikati ya mwaka 2023, sharti hilo lilikuwa limebadilishwa, kidole kikawa kinazuiliwa pale tu r inapokuwa ndogo kuliko sifuri. Sahihisho jipya la ext4 liliandikwa kwa kutegemea sharti hilo jipya, nalo lilirudisha idadi ya baiti zilizoandikwa, yaani namba chanya.

Kwenye shina yote yalikwenda sawa. Katika tawi la 6.1 namba chanya ilikutana na sharti la zamani, na kidole kikabaki pale pale. Fungu la pili la maandishi likaandikwa juu ya la kwanza. Wala hakukutolewa onyo lolote, kwa kuwa kwa hesabu za kila upande kazi ilikuwa imekamilika. Ni kweli kwamba programu zinazoandika kwa njia hiyo ya moja kwa moja si nyingi. Lakini mwenye faili lililofutwa hafarijiki kwa kuambiwa kwamba wenziwe wengi wamesalimika.

Ieleweke kwamba kila badiliko kati ya hayo mawili lilikuwa sahihi. Mahitaji ya sahihisho huweza kutajwa na mwandishi wake, na utaratibu wa kuyataja upo. Lakini mtu hutaja kile anachokijua, na aliyefanya kazi kwenye shina la Novemba 2023 hakuwa na sababu ya kukumbuka sharti lililokwisha kuondolewa miezi kadhaa nyuma. Badiliko la sharti nalo halikuandikwa kama sahihisho la kasoro, hivyo hapakuwa na alama ya kulifanya lipelekwe kwenye matawi.

Wa kwanza kuona dalili walikuwa wajaribuji wa toleo tarajiwa la tawi jingine, 5.15.140. Jaribio moja la kawaida huandika herufi a mara nyingi, kisha herufi b mara nyingi, halafu husoma tangu mwanzo wa faili. Lilitarajia a, likakuta b. Toleo tarajiwa lilikuwa limefanya kazi yake. Lakini kwa wakati huo huo sahihisho lile lilikuwa likisafiri pia katika tawi la 6.1, nalo likatoka na 6.1.64 mwishoni mwa Novemba. Chanzo kilielezwa tarehe 5 Desemba na mtaalamu mmoja wa mifumo ya mafaili, aliyesisitiza kwamba matawi yote ya kabla ya 6.5 yaliyokuwa na sahihisho hilo yalikuwa yakiharibu data. Toleo la 6.1.66, lililotoka siku chache baadaye, likaondoa hatari.

Debian kwa upande wake ilikuwa imepanga kutoa toleo dogo la 12.3 tarehe 9 Desemba, na kiini kilichokwisha kutayarishwa kwa ajili hiyo kilikuwa 6.1.64. Daftari la kasoro halikulia, kwa sababu kasoro ambayo haijaandikwa daftarini haiwezi kumzuia mtu. Iliandikwa siku ile ile ya kutoa, kwa namba 1057843, wakati vifurushi vilikuwa vimeanza kuenea katika maghala ya dunia. Watumiaji wakaombwa wasisasishe kompyuta zao, utoaji wa diski za usakinishaji za 12.3 ukasimamishwa, na tarehe 10 Desemba likatolewa toleo la 12.4 lenye kiini cha 6.1.66.

Siku hazikupita nyingi kabla wenye kompyuta fulani hawajagundua kwamba 6.1.66 ilikuwa na kasoro nyingine, safari hii katika mawasiliano ya mtandao yasiyotumia waya. Nayo ilikuwa imeletwa na sahihisho lililohamishwa kutoka kwenye shina. Sahihisho hilo likaondolewa katika 6.1.67, na Debian ikalazimika kuandaa kifurushi kingine. Kasoro namba 1057843 haikuhusika na hayo. Katika daftari imebaki na alama zake mbili, ilipatikana katika 6.1.64-1, ilirekebishwa katika 6.1.66-1.